Ng'arisha, katua na paka: msamiati wa rimu inayong'ara kama kioo

Kitenzi “ng'arisha” kinatokana na “ng'ara” kwa kuongezwa kiambishi cha kauli ya kutendesha. Maana yake ya msingi, yaani kufanya kitu king'are, haina utata, na kamusi zetu huitoa kwa mstari mmoja. Jambo linalostahili kuangaliwa ni lile ambalo kitenzi hiki hakilisemi. Hakisemi kitu kimefanywaje hata kikang'ara. Kinataja tokeo na kuinyamazia njia. Kitenzi “sugua” kimekaa upande wa pili: kinataja njia, yaani kupitisha kitu juu ya kingine kwa nguvu na kwa kurudiarudia, lakini hakiahidi tokeo lolote. Mtu aweza kusugua sufuria tangu asubuhi hadi adhuhuri na masizi yakabaki palepale. Hawezi kuing'arisha nayo ikabaki haing'ari.

Kwa sakafu, viatu na vyombo vya nyumbani pengo hilo halileti hasara kubwa, kwa kuwa msemaji na msikilizaji huijua njia inayokusudiwa. Kwa rimu za magari hali ni nyingine. Mteja anayemwambia fundi “Naomba uning'arishie rimu hizi” ametoa sentensi iliyo sahihi kisarufi, ila amemwachia fundi achague kati ya kazi tatu zisizofanana: kuosha na kupaka nta, kusugua metali tupu hadi ionyeshe sura, au kubandua koti la rangi lililowekwa kiwandani na kuanza upya. Kazi ya kwanza haiharibu kitu. Ya tatu haiwezi kurudishwa nyuma. Ugomvi unaozuka baadaye kuhusu malipo, mara nyingi, ni ugomvi wa kitenzi.

Rimu, ringi na gurudumu

“Gurudumu” ni kitu kizima kinachozunguka. “Tairi” ni sehemu ya mpira. “Rimu” ni sehemu ya metali inayoshika tairi na kufungwa kwa nati kwenye ekseli. Kwa baiskeli wengi husema “ringi”, na hapo hukusudia duara la nje peke yake, bila spoki. Msomaji asiichanganye rimu hii na rimu ya karatasi. Matamshi ni yaleyale lakini kila moja imekuja na neno lake la Kiingereza.

Katika matumizi ya mafundi, “rimu ya chuma” husimama dhidi ya “rimu ya spoti”. Upambanuzi huo ni wa maana kuliko unavyoonekana, maana Kiswahili cha kawaida huita karibu kila metali “chuma”. Rimu ya chuma hasa hupakwa rangi na hufunikwa kwa kofia ya plastiki. Hakuna anayehangaika kuifanya kioo, na ikiachwa tupu hushika kutu. Rimu ya spoti kwa kawaida ni aloi ya aluminiamu. Aloi inayotumiwa sana ina silikoni kiasi cha asilimia 7 na magnesiamu kidogo sana, chini ya asilimia 1. Historia yake katika magari hutajwa pamoja na Bugatti Type 35, gari la mashindano lililotoka Ufaransa mwaka 1924 likiwa na rimu za aluminiamu.

Rimu za aluminiamu hutengenezwa kwa njia kuu mbili, na Kiswahili kina kitenzi cha zamani kwa kila njia. “Kusubu” ni kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu. “Kufua” ni kuipa metali umbo kwa kuipiga au kuikandamiza, kama afanyavyo mfua chuma. Kufua nguo ni neno jingine katika masikio ya wengi, ingawa nalo lina kupigapiga ndani yake. Aluminiamu iliyofuliwa imeshikana zaidi, kwa hiyo hung'ara vizuri zaidi. Iliyosubiwa huweza kuwa na vitundu vidogo vinavyojitokeza kadiri msasa unavyozama. Kampuni ya Alcoa ya Marekani ilianza kufua rimu za malori kwa aluminiamu mwaka 1948, na hadi leo malori makubwa ya nchi hiyo ndiyo makao ya ufundi huu: rimu zake nyingi hubaki metali tupu, na madereva wake huzisugua kwa bidii ya askari anayejiandaa kwa gwaride.

Kioo kipi?

Msemo “kung'ara kama kioo” hutumiwa bila kufikiriwa sana, nao una maana mbili kwa sababu neno “kioo” lenyewe lina maana mbili. Kuna kioo cha dirisha, ambacho hupitisha mwanga, na kuna kioo cha kujitazamia, ambacho huurudisha. Rimu iliyopuliziwa koti angavu la juu, ambalo mafundi wa rangi hulitaja kwa jina la “klia”, hung'ara kama kioo cha kwanza: kuna utando laini wenye mng'aro, na chini yake metali au rangi inaonekana. Rimu iliyosuguliwa hadi mwisho hung'ara kama kioo cha pili: unaiona sura yako, na ukisimama hatua chache nyuma unayaona matawi ya mti ulio juu yako.

Tofauti hiyo ni ya kifizikia. Uso wa metali huakisi sura pale ambapo makwaruzo yake yamekuwa madogo mno yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga unaoonekana, ambayo urefu wake ni kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Makwaruzo yakiwa makubwa kuliko hapo, mwanga hutawanyika, na jicho huona weupe wenye ukungu. Aluminiamu safi huakisi takribani asilimia 90 ya mwanga huo. Kwa hiyo mng'aro umo ndani ya metali yenyewe tangu mwanzo, na kazi ya fundi ni kusawazisha uso. Hakuna kitu cha kuleta mng'aro kinachoongezwa. Hapa ndipo sarufi inapoingia.

Kuongeza na kupunguza

Kiswahili hutofautisha vizuri vitenzi vya kuongeza kitu juu ya kingine na vya kupunguza. “Paka” ni kuongeza: paka rangi, paka mafuta, paka nta. Kinachopakwa hubaki. “Tia” nacho huongeza. Upande wa kupunguza tuna “kwangua”, “komba”, “bandua” na “futa”. Katikati kuna “piga”, kitenzi kinachobeba karibu kila chombo unachokipa: piga pasi, piga deki, piga rangi, piga msasa, piga polishi. Chenyewe hakitaji kuongeza wala kupunguza. Lazima umjue mwenzake.

Neno linalopotosha hapa ni “polishi”. Kwa wasemaji wengi liliingia pamoja na viatu, kama ilivyoingia “kiwi”, jina la bidhaa iliyoanza kuuzwa Australia mwaka 1906, ambalo limekuwa nomino ya kawaida hata mtu akasema “piga kiwi” akiwa na kopo la kampuni nyingine kabisa. (Kiswahili kilikuwa na “kiwi” yake kabla ya hapo, ile ya kutia macho kiwi kwa mwanga mkali. Maneno hayo mawili hayana nasaba, lakini kiatu cha askari huyapatanisha.) Wengine husema “dawa ya viatu”. Katika ngozi, polishi hupakwa: ni nta na rangi, na sehemu yake hubaki kwenye kiatu. Dhana hiyo ikihamishiwa kwenye rimu huzaa kosa. Polishi ya metali ni chembe ngumu sana na laini sana, mara nyingi za oksidi ya aluminiamu, zilizochanganywa na mafuta. Kazi yake ni kula metali kidogokidogo. Huwekwa ili iondolewe, na ikiondoka huondoka na sehemu ya rimu.

Ndiyo sababu kitambaa huwa cheusi. Weusi huo, ambao wengi huudhania kuwa uchafu wa rimu, kwa sehemu kubwa ni aluminiamu yenyewe na oksidi yake. Kutokana nao fundi hupata kipimo rahisi ambacho hakihitaji kifaa chochote: chukua polishi ya metali kiasi cha punje ya mahindi, sugua mahali pasipoonekana, halafu tazama kitambaa. Kikiwa cheusi, umeigusa aluminiamu tupu. Kikibaki na rangi yake, kati yako na metali kuna koti, na rimu nyingi zinazotoka kiwandani zina koti la namna hiyo. Hata zile ambazo uso wake umechongwa kwa mashine ukaonyesha mistari myembamba ya duara hupuliziwa klia baadaye. Kuisugua rimu hiyo kwa polishi ya metali ni kuitia klia makwaruzo.

Rimu ya kromu nayo ina hukumu yake. Hung'ara kwa ubuluu kidogo, nao mng'aro huo uko katika tabaka la kromu lililowekwa kwa umeme juu ya nikeli; unene wake kwa kawaida haufiki mikromita 1. Ukiipiga msasa huing'arishi. Unaikwangua hadi iishe.

Katua

Lipo neno ambalo lingetuondolea sehemu kubwa ya utata huu, nalo ni “katua”. Kamusi za zamani hulieleza kuwa ni kusugua kitu, hasa cha metali, hadi king'are. Linataja njia na tokeo kwa pamoja, jambo ambalo “ng'arisha” na “sugua” hayafanyi kila moja peke yake. Watu wa pwani waliokuwa na masinia, madele ya kahawa na njumu za shaba milangoni walikuwa na sababu ya kuwa na kitenzi mahsusi. Shaba hupoteza mng'aro haraka, na wenye nyumba waliirudisha kwa majivu, ndimu au ukwaju.

Leo msomaji wa kawaida hulifahamu zaidi “katua” la wakulima, kukatua ardhi, yaani kuivunja kwa jembe au trekta kabla ya kupanda. Maana ya metali imefifia, pengine kwa kuwa vyombo vya shaba vimepungua majumbani. Ningependekeza irudishwe, na irudishwe gereji. Haliwezi kuchanganywa na lile la shamba kwa kuwa mtendwa huonyesha lipi linakusudiwa. Tahadhari moja tu: umbo lake linafanana na vitenzi vya kutengua kama “fungua” na “tegua”, lakini katua si kinyume cha kata.

Minyambuliko yake iko tayari. “Katuka” ni kuwa katika hali ya kung'aa baada ya kusuguliwa, au kukubali kusuguliwa hivyo: “Aluminiamu iliyofuliwa hukatuka vizuri kuliko iliyosubiwa.” “Katulia” ni kufanya hivyo kwa kutumia kitu: “dawa ya kukatulia rimu”, “kitambaa cha kukatulia”. Na kwa kutendwa: “Rimu zilizokatuliwa huhitaji kuangaliwa upya kila baada ya wiki chache.”

Mpangilio wa kazi na majina yake

Rimu tupu ya aluminiamu hufikishwa kwenye hali ya kioo kwa hatua ambazo kila moja ina kitenzi chake, na kubadilisha mpangilio ni kupoteza siku. Kwanza huoshwa kwa maji na sabuni ili vumbi la breki na lami vitoke. Chembe moja ya mchanga ikibaki itachora mistari katika kila hatua inayofuata. Kama kuna koti, hubanduliwa kwa dawa ya kubandulia rangi. Kisha hupigwa msasa.

“Msasa” ni neno la kupendeza. Kwa asili ni mti wa jamii ya mkuyu ambao majani yake yana ukali wa kukwaruza, na mafundi wa mbao waliyatumia kulainishia kazi zao kabla karatasi ya dukani haijafika. Karatasi ilipokuja ilirithi jina la jani. Baadaye jina likapanda ofisini: magazeti husema walimu au madiwani “wamepigwa msasa”, yaani wamepewa mafunzo. Ajabu ni kwamba maana hiyo ya sitiari husisitiza matokeo mazuri tu, ilhali msasa halisi hukwaruza. Hulainisha kwa kuweka makwaruzo madogo mahali pa makubwa.

Kanuni nzima ya kazi imo katika sentensi hiyo. Msasa huandikwa namba, na namba ikipanda ukali hushuka. Rimu yenye makovu ya ukingo wa barabara huanzia 320 au 400, ikaenda 600, 800, 1000, 1500 hadi 2000, kwa maji yenye sabuni kidogo ili unga wa metali usizibe karatasi. Fundi mwangalifu hubadilisha mwelekeo wa mkono kila anapobadilisha namba, ili mistari ya namba iliyotangulia ionekane ikiwa bado ipo. Anayeruka kutoka 400 hadi 1500 ataona uso unaong'ara kivulini. Akiitoa rimu juani, mikwaruzo ya 400 itajitokeza yote. Hapo hakuna polishi itakayomwokoa.

Baada ya msasa ndipo kukatua. Kwa mashine hutumika magurudumu ya nguo yenye dawa ya mche: kwanza gurudumu la katani pamoja na dawa kali ya kahawia, kisha la pamba pamoja na dawa laini zaidi. Msomaji wa Tanga atafurahi kujua kwamba katani hupendwa katika hatua ya kwanza kwa ugumu wa nyuzi zake, unaokata haraka kuliko pamba. Hatua ya mwisho hufanywa kwa polishi ya kopo na kitambaa laini, kwa mkono. Hatimaye rimu hufutwa. Wakatuaji wa malori ya Marekani hunyunyiza unga wa ngano ili unyonye mafuta meusi yaliyosalia, matumizi ambayo mama zetu wangeyaona kuwa israfu.

Kisha, na hapo tu, “paka”: hupakwa nta au dawa ya kuzuia hewa. Aluminiamu ikiguswa na hewa hujifunika papo hapo kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache. Utando huo hauondoi mng'aro. Ndio unaoilinda metali isiliwe zaidi. Chumvi ndiyo adui. Katika miji ya pwani kama Mombasa au Dar es Salaam rimu tupu hutokwa na madoa na unga mweupe mapema. Unga huo wengi huuita “kutu”. Kwa usahihi kutu ni ya chuma, nayo ni nyekundu. Kwa aluminiamu yatosha kusema “imeliwa na chumvi”. Anayechagua kukatua, badala ya kuacha klia ya kiwandani, amechagua pia kuirudia kazi hiyo muda wote wa maisha ya rimu, na ni haki yake kuambiwa hivyo kabla ya msasa wa kwanza.

Lebo na hatari zake

Watafsiri wa lebo za bidhaa hupenda kutumia “king'arishi cha rimu” kwa kila kitu kilicho ndani ya chupa. Neno limeundwa vizuri, lakini linaficha. Chupa moja yaweza kuwa nta, ya pili polishi ya kukatulia, na ya tatu dawa ya kuoshea yenye tindikali. Baadhi ya dawa hizo za kuoshea zina tindikali ya haidrofloriki au chumvi zake. Tindikali hiyo hupenya ngozi, huweza kuchelewa kuuma, na hufungana na kalsiamu ya mwili hadi mifupani. Aliyemwagikiwa anahitaji maji mengi mara moja na hospitali siku hiyohiyo. Mtu aliyesoma “king'arishi” hataitafuta glovu. Aliyesoma “dawa ya kuoshea yenye tindikali” huenda akaitafuta. Kwa hiyo pendekezo letu kwa watafsiri ni kutaja tendo na kitu chenyewe: “nta ya kupaka”, “polishi ya kukatulia”, “tindikali ya kuoshea” (Kenya: “asidi”).

Dawa zenye kostiki soda nazo ziandikwe wazi. Kostiki huila aluminiamu, huiacha nyeusi na hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto. Na rimu za magnesiamu, ambazo hupatikana zaidi katika magari ya mashindano, zisipigwe msasa na asiyezijua: unga wa magnesiamu huwaka, na maji huuchochea moto huo.

Kitenzi “zungusha” katika maelekezo nacho kitumiwe kwa uangalifu. Kinachozungushwa ni gurudumu la nguo la mashine ya kukatulia. Rimu haizungushwi kwa kuwasha injini huku gari likiwa juu ya jeki na mkono ukishika msasa. Kitambaa kikinaswa, kidole hufuata.

Tahajia

Andika “ng'arisha”, “mng'aro” na “king'arishi” kwa kibainishi. Bila alama hiyo, “ng” husomwa kama katika “ngoma”, na matangazo mengi ya gereji yanayoandika “tunangarisha rimu” yanapaswa kusahihishwa. Wingi wa “mng'aro” ni “ming'aro”. “Rimu” iko katika ngeli ya I/ZI: “rimu hii imekatuka”, “rimu hizi zimekatuka”. “Marimu”, inayosikika mitaani, haijakubaliwa katika maandishi sanifu.